Msitoe Hata Tone

Siku Bibi Zuleha alipozikwa, jeneza lilikwama mlangoni. Mlango ulikuwa mpana vya kutosha. Lilikwama kwa sababu Mama Damiani, mwanamke mnene wa Mkonze aliyeuza karanga sokoni Majengo, alikuwa amelala kizingitini, amejifunika kanga ya marehemu, anapiga kelele.

"Msafara haupiti! Hapa ni Ugogo! Babu zenu walipita hapa na meno ya tembo mabegani, wakalipa hongo ndipo wakapewa maji. Huyu kikongwe anajifanya nani? Hongo kwanza!"

Waliobeba jeneza wakasimama. Mmoja wao, mkwe aliyetoka Tanga, akafura kwa hasira, akataka kumwita mtu amwondoe yule mwanamke. Wakamnong'oneza: huyo ni mtani, mwache, yuko kazini.

"Tena nani kasema amekufa?" Mama Damiani aliendelea. "Juzi nimemwona anapunja watu vitumbua! Mfunueni, atacheka mwenyewe!"

Stara, mjukuu wa marehemu, alikuwa amelia tangu alfajiri, hajatia kitu kinywani. Aliposikia habari ya vitumbua alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Ua zima likacheka. Mjomba mkubwa akajifanya kukuna kichwa, kisha akatamka, "Haya, kanga hiyo uliyovaa ndiyo hongo yako. Chukua, tupishe." Mama Damiani akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akapisha. Jeneza likapita.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akasugua masufuria ya matanga mpaka jioni, peke yake, mikono imejaa masizi. Huo ndio utani. Anayekutukana mbele ya maiti yako ndiye anayekuoshea vyombo vyako.

Ukoo wa Stara ulikuwa wa mjini kwa vizazi kadhaa. Babu wa babu yake alitoka Tabora na msafara, akiwa mpagazi, funza wakamla vidole, wenzake wakamwacha Dodoma. Akapona, akaoa, akasilimu, akabaki. Wajukuu zake walikwisha kusahau Kinyamwezi, neno baada ya neno. Utani na Wagogo hawakuusahau.

Jioni ile Mama Damiani alipoaga, alimvuta Stara pembeni.

"Wewe mpagazi mdogo, sikiliza. Siku yangu itafika na bibi yako hayupo. Zamu ni yako. Usije ukakaa kwenye kiti ukanililia kama mgeni. Uje unitukane. Ukinyamaza nitafufuka nikuchape."

"Nitakuja kudai kanga yetu."

"Njoo uidai. Tuone kama utaipata."

Mwaka ule wa mgao mkubwa wa umeme, Stara alikuwa akisimamia intaneti kafe ya Abdulnasiri, mtaa wa pili kutoka sokoni. Ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta zilizotenganishwa kwa mbao, kila moja imefunikwa kitambaa dhidi ya vumbi jekundu ambalo upepo wa Dodoma haukuchoka kulileta. Juu ya bati kulikuwa na dishi. Lilipotikiswa na upepo, wateja wote waliguna pamoja.

Wateja walikuja kusoma barua pepe, kuangalia matokeo ya mitihani, kutafuta vyuo. Lakini wengi walikuja kwa ajili ya Kijiwe cha Kati. Lilikuwa jukwaa la mtandaoni lililoanzishwa na vijana wa Dodoma waliokuwa wanasoma nje, wakaona upweke. Ukiingia unajipa jina, unaandika, watu wanakujibu, wengine wako Area C hapa mjini na wengine wako kwenye theluji. Kijiwe kilikuwa kimefanya mambo. Kilimpata mzee wa Kondoa aliyepotea safarini. Kilimpa binti wa Chemba majibu ya maswali ya hesabu usiku wa kuamkia mtihani. Watu wasiojuana kwa sura waliitana ndugu, na walimaanisha.

Damiani, mwana wa Mama Damiani, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Mkonze. Kijiweni aliitwa Mwana wa Uwele. Stara aliitwa Mjukuu wa Msafara. Walikuwa wakitukanana kila wiki, na watu waliingia kwa ajili yao.

*Mwana wa Uwele, nasikia kwenu mkimpa mgeni maji mnampa na risiti.*

*Mjukuu wa Msafara, punguza maneno, utachoka. Bado hujashusha mzigo tangu enzi ya Mwarabu.*

Wenyeji wa Kijiwe walijua. Waliwaona wote wawili pale kafe, Damiani amechomoa kiti bila kuomba, Stara amemnyang'anya karanga zake bila kuuliza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Halafu Mama Damiani akaanza kutoka damu.

Alificha kwa muda mrefu, kama wafanyavyo wanawake wa umri wake. Alipoanguka sokoni, juu ya sinia yake mwenyewe, walimpeleka hospitalini wakaambiwa kuna uvimbe kwenye kizazi, lazima utolewe upesi, lakini amepungukiwa mno na damu. Asingepasuliwa bila kuongezewa, na akiba ya damu yenye kundi lake ilikuwa imekwisha. Ndugu walete watu. Damiani akatoa yake siku hiyo hiyo. Sara, dada yake, alikuwa na mimba kubwa. Wajomba wa Bahi walikuwa wazee wenye magonjwa yao. Chupa moja haikutosha hata kuanzia.

Damiani aliingia kafe alasiri, shati limemganda mgongoni, akaketi bila kutania.

"Mpagazi, niwashie."

Stara akamwashia, akasimama nyuma yake akisoma anavyoandika. Damiani aliandika taratibu, kwa vidole viwili. Alitaja ugonjwa wa mama, kundi la damu, jina la wodi, na kwamba kesho angekuwa amekaa benchi la nje tangu asubuhi, amevaa shati la kijani, ili atakayekuja amjue.

"Umeandika kama mwanafunzi anayeomba ruhusa," Stara alisema.

"Niandikeje sasa? Niimbe?"

Majibu yakaanza kuingia kabla hajamaliza kujifuta jasho. *Mimi kundi hilo, kesho saa mbili nipo.* *Nipo chuoni hapa, nakuja na mwenzangu.* *Pole kaka, mama yako ni mama yetu, tutakuja.* *Nina shangazi hapo mjini, namwambia sasa hivi.* Damiani alisoma kila moja kwa sauti ya chini, midomo ikicheza. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Unaona watu?" alisema. "Hata hawanijui, mpagazi. Hata hawanijui."

"Wanakujua. Kila wiki wanasoma nikikupiga."

Akasimama kuondoka, na mlangoni akawa Damiani wa siku zote. "Na wewe kesho uje. Najua damu yenu ni uji mtupu, lakini njoo."

"Damu yangu ikimwingia mama yako ataamka anaongea Kinyamwezi."

"Basi bora afe!"

Wakacheka wote wawili, na mteja wa kompyuta ya pembeni akacheka pia.

Damiani alipokwisha kuondoka, Stara alikaa mbele ya mashine ile ile. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Watu walikuwa wameahidi, mama angepona, na kesho asubuhi na mapema yeye mwenyewe angekwenda kutoa damu. Akaona ukurasa umejaa huzuni, pole juu ya pole, na kwao huzuni ya namna hiyo haiachwi hivi hivi. Mtani yupo kwa kazi gani? Akaandika kwa kasi, kama anayejibu sokoni:

*Mwana wa Uwele asiwachezee akili! Huyo mama haumwi, mzima kuliko mimi, nimemwona. Zamani walitutoza hongo ya maji, leo wameona maji hayatoshi wanataka damu! Ndugu zangu, msitoe hata tone!*

Mmoja wa wenyeji akajibu papo hapo, *Hahaha, mpagazi kaanza. Msafara leo haulipi.* Mwingine akacheka. Stara akatabasamu. Akawa anafikiria la kuongeza, umeme ukakatika.

Vioo vyote vikazima kwa pamoja. Wateja wakaguna. Abdulnasiri akatoka nyuma na tochi, akavuta kamba ya jenereta mara kadhaa, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza.

"Imeungua," alisema. "Funga, binti yangu. Mpaka fundi apatikane au umeme urudi, hakuna kazi."

Wakafunga.

Lakini Kijiwe hakikuwa Dodoma. Kijiwe kilikuwa popote palipokuwa na umeme.

Asubuhi Stara alifika hospitalini kabla Damiani hajamaliza chai yake ya kwenye kikombe cha plastiki. Kwenye chumba cha damu walimtoboa kidole, wakadondosha tone lake kwenye chupa yenye maji ya bluu. Tone lilipaswa kuzama. Lake likaelea, likaenda pembeni, likakaa kama linamwangalia.

"Damu yako mwenyewe haikutoshi," mhudumu alimwambia kwa upole. "Kula mboga za majani, maini ukipata. Urudi baadaye."

Alipotoka Damiani alimsoma usoni. "Uji?"

"Uji."

"Nilikwambia. Mlenda hamtaki, mnajifanya watu wa pilau." Lakini alisema huku macho yakiwa getini.

Mama Damiani alikuwa kitanda cha dirishani. Unene wote ulikuwa umekwenda, na ngozi ya mikono ilibaki ikining'inia kama nguo ya kuazima. Stara alipiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Sitaki shikamoo yako. Umeniletea nini, mpagazi?"

"Nimekuletea hongo. Wameikataa, wanasema nyepesi."

Mama Damiani akacheka, cheko likamuuma, akalishika kwa mkono tumboni mpaka likapita. "Nilijua tu. Babu yenu naye alikuwa hivyo hivyo, mzigo mkubwa, miguu ya njiti." Kisha akafumba macho. "Kanga yenu ipo. Nimeitunza. Usidhani nimeipigia deki."

Walikaa benchini, yeye na Damiani mwenye shati lake la kijani. Kila kijana aliyeingia getini, Damiani aliinuka nusu, akanyoosha kola. Kijana akapita. Akakaa. Akaja msichana mwenye mkoba wa chuo, akainuka tena. Msichana akauliza wodi ya wazazi iko wapi. Jua likapanda, kivuli cha ukuta kikaondoka benchini, nao wakahama na kivuli.

"Labda wamekosa usafiri," Damiani alisema.

"Watakuja."

"Labda nimeandika wodi vibaya."

"Umeandika vizuri, nilisoma. Watakuja, Mgogo. Watu wa chuo huamka mchana."

Hakuna aliyekuja. Daktari alipita, akauliza, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Umeme ulirudi kesho yake alasiri. Stara alikuwa kafe kumsaidia Abdulnasiri kufuta vumbi, na alipowasha mashine ya kwanza akafungua Kijiwe moja kwa moja, apate kuwauliza walioahidi kulikoni.

Ukurasa ulikuwa mrefu. Alivuta chini, akavuta, haukuisha.

Kumbe mtu fulani, jina lake hajawahi kuliona, alikuwa ameyachukua maneno yake peke yake. Hakuchukua cheko lililofuata, wala miaka ya matusi iliyotangulia. Aliyanakili akayapeleka kwenye jukwaa kubwa la Dar es Salaam, chini ya kichwa cha herufi kubwa: *UTAPELI MPYA WA DAMU DODOMA. JIRANI WA MAMA ATOBOA SIRI.* Kutoka huko watu wakamiminika Kijiweni kama siafu.

*Wabongo kwa sanaa! Jana mafuta ya nyoka, leo damu.*

*Huyo mimi namfahamu, alishamzika shangazi yake mara tatu.*

*Damu wanaipeleka kwa waganga hiyo. Amkeni.*

*Mwalimu mzima! Ndiyo maana watoto wetu wanafeli.*

Katikati ya hayo, wale walioahidi walikuwa wakijiondoa, mmoja mmoja, kwa adabu. *Nilikuwa nakuja lakini nimeona haya, samahani.* *Bora nimesoma kabla.* Wenyeji wachache walijaribu kueleza. *Jamani, hao ni watani.* Sauti zao zilizama. Mmoja alijibiwa, *Na wewe umo kwenye mgao?*

Stara aliandika huku vidole vikigongana. *Mimi ndiye niliyeandika. Nilikuwa natania. Ni mtani wangu. Mama anaumwa kweli, nimetoka kumwona, tafadhali nendeni.*

Majibu yalikuja upesi kama yale ya kwanza, siku ile Damiani alipolia.

*Mara haumwi, mara anaumwa. Kaeni kikao kwanza mkubaliane.*

*Wameshagawana na huyu.*

*Utani gani wa mtu kuomba damu? Au na wewe umetishiwa?*

Alimwandikia msimamizi wa jukwaa afute kila kitu. Msimamizi alikuwa nje, na huko aliko watu walikuwa wamelala. Alimgeukia Abdulnasiri.

"Mjomba, nifanyeje?"

Abdulnasiri alikuwa amesoma begani kwake. Alivua miwani. "Hayo huwezi kuyafuta kwa kuandika. Kila ukiandika unayapandisha juu. Watafute watu kwa miguu, binti yangu."

Akatoka mbio. Alikwenda duka la vipuri, akaenda kwa wauza mitumba, akaenda kwa vijana wa kubeba mizigo stendi, akawashika mikono. Wengine walicheka, wengine waliogopa sindano. Hadi jua linazama alikuwa amepata ahadi za vijana wawili wa duka la vipuri kwamba wangekuja asubuhi. Wawili hao walimjua kwa sura.

Usingizi haukumjia. Alipanga maneno ya kumwambia Damiani. Aliyapanga kwa utani, yakakataa. Akayapanga kwa kuomba radhi, yakakosa pa kuanzia, maana watani hawaombani radhi. Hakuna njia iliyotengenezwa kwa jambo hilo.

Asubuhi alimkuta Damiani kwenye benchi lile lile, shati lile lile. Vijana wa duka la vipuri waliingia chumba cha damu. Stara alivuta pumzi, akafungua mdomo. Kabla hajasema, kijana mmoja mrefu, mwenye begi la mgongoni, alikuja moja kwa moja kwenye shati la kijani akanyoosha mkono.

"Wewe ndiye Mwana wa Uwele? Naitwa Ambokile. Nasoma hapa chuoni, kwetu Mbeya. Nimekuja kutoa damu."

Damiani alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ningekuja juzi ile ile," Ambokile alisema, akiangalia viatu vyake. "Nilikuwa nimeshavaa viatu, kaka, nakwambia kweli. Nikapitia kusoma mara ya mwisho nijue wodi. Nikakuta mtu mmoja ameandika kwamba mama haumwi, ni mzima, amemwona kwa macho yake, tusitoe hata tone. Anajiita Mjukuu wa Msafara. Nikavua viatu. Jana nimekaa darasani nikajiambia, nikienda nikakuta ni uongo nitakuwa nimepoteza asubuhi moja. Na kama ni kweli? Ndiyo nimekuja. Nisamehe."

Damiani hakumgeukia Stara mara moja. Alimpeleka Ambokile mpaka mlango wa chumba cha damu, akamfungulia, akamshukuru tena. Kisha akarudi, akakaa.

"Ni kweli?"

"Nilikuwa natania," Stara alisema. "Umeme ukakatika. Damiani, wallahi nilikuwa natania."

"Najua." Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomtisha Stara. "Hongo ya maji, wametaka damu. Ningekuwa nimesoma mimi, ningecheka. Mama angecheka zaidi. Mimi najua, Stara. Wao je?"

Alimwita Stara. Tangu utotoni hajawahi kumwita jina lake.

Mama Damiani alipasuliwa mchana ule, kwa damu iliyopatikana. Alitoka chumba cha upasuaji akiwa hai, hakuamka vizuri, na kesho yake kabla ya adhana ya adhuhuri akafariki. Daktari hakusema kwamba damu ya juzi ingemwokoa. Hakusema pia kwamba isingemwokoa. Alisema alikuwa amechoka sana, mama, alikuwa amesubiri sana, akampa Damiani mkono wa pole.

Mtu alitangaza msiba Kijiweni, na ukurasa ukageuka tena. *Poleni sana wafiwa.* *Mungu ailaze roho ya mama yetu mahali pema.* *Tulimpenda.* Pole zilikuwa nyingi kuliko ahadi na nyingi kuliko matusi. Yule aliyesema anamfahamu Damiani, yule wa shangazi aliyezikwa mara tatu, ndiye aliyeandika rambirambi ndefu kuliko zote, yenye mistari ya Biblia. Hakufuta la kwanza. Huenda alilisahau. Stara alisoma mpaka mwisho kuona kama kuna yeyote atakayeuliza ilikuwaje, hakuna. Siku ya mazishi mada ya juu kabisa ilikuwa mpira.

Alifuta jina la Mjukuu wa Msafara. Jukwaa likamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo. Jina likafutika, maneno yakabaki, na mahali pa jina pakaandikwa *mgeni*.

Kwenda Mkonze ilimbidi aende. Hilo hakulijadili na nafsi yake. Zamu ilikuwa yake, aliahidi mbele ya masufuria ya bibi yake. Akajifunga kanga mbili, akavaa kandambili za kazi, na njiani akawa anatafuta tusi. Alijua anachopaswa kufanya. Angeingia uani kwa makelele, apokonye mtungi wa maji, ajitwike kama mpagazi, asimame mbele ya jeneza aseme, *Leo msafara ndio wenye njia! Nimekuja kudai kanga ya bibi yangu, marehemu haendi popote na deni!* Wanawake wangepiga vigelegele vya kumzomea. Wangebishana. Sara angecheka na tumbo lake kubwa. Kisha yeye angekwenda nyuma, akasugue sufuria la ugali mpaka ling'ae.

Aliyarudia maneno hayo njia nzima. Yalikuwa maneno mazuri.

Ua wa Mkonze ulikuwa umejaa. Kwaya ya kanisa ilikuwa inaimba kwa Kigogo, ngoma ndogo ikienda polepole. Upepo ulileta vumbi, ukalilaza juu ya viatu vya watu. Mtungi wa maji ulikuwa pale pale alipoufikiria, chini ya ukingo wa nyumba ya zamani ya tembe, na kata juu yake.

Stara akapiga hatua kuuelekea. Damiani akamwona.

Alikuja kutoka kwa wanaume, amevaa koti jeusi la kuazima, akasimama mbele yake, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anavyompokea mke wa mchungaji.

"Karibu sana, dada. Pole na safari."

Stara alimtazama. "Mgogo," alisema kwa sauti ndogo. "Niache nifanye kazi yangu."

"Usijisumbue, dada. Umetoka mbali, jua kali." Akageuka, akamwita kijana wa ukoo. "Mletee mgeni kiti."

Kiti kikaletwa, cha plastiki, cheupe. Damiani mwenyewe akakifuta vumbi kwa leso yake. Akakiweka kivulini, mahali pazuri, karibu na wake wa walimu.

"Damiani, nitukane basi. Nitukane hata moja."

"Sina kinyongo na wewe, dada," alisema, na uso wake ulionyesha ni kweli. "Nimejaribu. Nilikuona ukiingia uani nikatafuta la kukuambia. Lilikuja. Lakini kila linapofika hapa" – akagusa koo – "nalisoma kwa macho ya wale watu."

Stara akakaa. Hakujua afanye nini kingine na miguu yake. Sara alimletea chai kwenye kikombe chenye sahani yake, kikombe cha wageni, akampa kwa mikono miwili na kusema asante kwa kuja.

Halafu Damiani akarudi kutoka ndani ya nyumba. Alikuwa amebeba kitu mikononi, kimekunjwa vizuri, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Stara aliitambua kabla hajaifikia. Kanga ya Bibi Zuleha.

"Mama aliitunza," Damiani alisema. "Nimeona niirudishe. Ni ya kwenu."

"Siitaki. Ni hongo yenu. Ilitolewa mbele ya watu."

"Chukua, dada."

Akaiweka magotini pake, taratibu, kama mtu anayelipa ili asidaiwe tena. Akaenda kushika jeneza.

Jeneza likainuliwa. Likafika kwenye njia ya kutokea uani, na pale waliobeba wakapunguza mwendo, maana ndiyo desturi, hapo ndipo huzuiwa. Mmoja akaangalia kushoto, mwingine kulia. Kwaya nayo ikashusha sauti. Bibi mmoja wa Bahi, shangazi wa marehemu, asiyeona vizuri, akauliza kwa sauti ya kusikika ua zima:

"Mbona kimya? Mtani wake yuko wapi? Yule mjukuu wa Zuleha, hakufika?"

Stara aliinuka nusu kutoka kwenye kiti, kama Damiani alivyokuwa akiinuka kwenye benchi la hospitali. Chai ikamwagika kwenye sahani. Kinywa chake kilikuwa kimejaa yale maneno mazuri yote.

Damiani hakugeuka. Bega lake lilikuwa chini ya mama yake.

"Hakufika, bibi," alisema. "Twendeni."

Njia ilikuwa wazi. Wakapita.